Utumishi wa Wanafunzi na Malezi ya Uraia: Mifano ya Nairobi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo husemwa sana katika vikao vya vyuo vikuu vyetu, lakini ni nadra kutazamwa kwa makini: kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka kuwafanyia watu kazi bila ujira kunamfunza nini kuhusu nafasi yake kama mwananchi? Swali hili si la wataalamu wa elimu na siasa peke yao. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwa kiasi kikubwa ni swali la lugha, na kwa hiyo linatuhusu sisi wa idara za Kiswahili kuliko tulivyozoea kukubali.

Haja ya kulichunguza wakati huu ni kubwa. Chuo Kikuu cha USIU kilichoko Kasarani kimekuwa kikimtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apitie somo la huduma kwa jamii kabla ya kuhitimu, na vyuo vingine vya Nairobi vina mipango inayokaribiana na huo. Katika shule, mwongozo wa mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya mwaka 2017 uliiingiza kazi ya aina hii katika mafunzo, na katika Sekondari Pevu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza wa gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, imewekwa miongoni mwa masomo ya lazima. Maana yake ni kwamba baada ya miaka michache tutawapokea vyuoni vijana ambao wamekwisha kufundishwa kuhudumia. Ni vyema tujiulize watakuwa wamefundishwa nini hasa.

Habari za istilahi

Neno la Kiingereza linalotumika kwa mafunzo haya lilibuniwa nchini Marekani mnamo 1967 na Robert Sigmon na William Ramsey. Kwa Kiswahili bado hatujakubaliana. Wapo wasemao huduma kwa jamii, wapo wasemao kazi za kujitolea, na wapo wanaochanganya yote mawili na mafunzo ya nyanjani. Hatuna budi kuyatenganisha. Anayekwenda nyanjani katika ofisi au kiwandani huenda kwa manufaa ya elimu yake mwenyewe. Anayejitolea huenda kwa manufaa ya wengine, na akijifunza kitu ni bahati yake. Mafunzo tunayoyazungumzia hapa yanadai yote mawili kwa pamoja: kazi iwe ina haja ya kweli kwa mwenyeji, iwe inahusiana na somo analolisoma mwanafunzi, na mwanafunzi apewe nafasi ya kuitafakari kwa maandishi na kwa mjadala. Pasipo hilo la tatu, mambo mawili ya kwanza huachana upesi.

Mimi nitatumia neno utumishi, na napenda kueleza sababu. Huduma ni neno zuri lililotujia kutoka Kiarabu, lakini katika Kenya ya leo, tangu vituo vya Huduma vianze kufunguliwa mwaka 2013, kikiwemo kile cha Posta Kuu katikati ya jiji, neno hili humkumbusha msikilizaji foleni ya kitambulisho. Tena kitenzi hudumia hugawa watu mafungu mawili: aliyeko nyuma ya meza na aliyeko mbele yake. Utumishi nao una kasoro zake. Polisi wa Kenya wameuandika katika nembo yao kwa maneno "Utumishi kwa Wote", na si kila mkazi wa mitaa yetu anayeyasoma maneno hayo bila kutabasamu. Hata hivyo asili ya neno ni kitenzi tuma. Anayetumikia ametumwa. Basi neno lenyewe hutulazimisha kuuliza swali ambalo huduma hutuwezesha kulikwepa, yaani ni nani aliyemtuma.

Maneno ya upande wa pili nayo yafaa yatazamwe. Raia asili yake katika Kiarabu ni kundi linalochungwa, na kutoka hapo ikawa watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mwana wa nchi, mwenye nchi kama mtoto alivyo mwenye nyumba ya wazazi wake. Istilahi elimu ya uraia imekwisha kukita mizizi na sikusudii kuing'oa. Lakini msomaji akumbuke kwamba mpango wa utumishi waweza kumlea raia kwa maana ile ya kale, au ukamlea mwananchi. Tofauti baina ya malezi hayo mawili ndiyo itakayotushughulisha.

Walichokiona watafiti wa ng'ambo

Kwa kuwa jambo hili limechunguzwa zaidi Marekani, yafaa kutaja matokeo mawili matatu. Janet Eyler na Dwight Giles, katika kitabu chao cha mwaka 1999, walionyesha kwamba mafunzo haya yana athari njema kwa mielekeo ya wanafunzi, lakini kwa jumla athari hizo ni za wastani, nazo hutegemea ubora wa kazi aliyopewa mwanafunzi na wingi wa tafakuri iliyoambatana nayo. Kwa maneno mengine, kwenda tu hakutoshi.

Joel Westheimer na Joseph Kahne waliandika mwaka 2004 kwamba mipango ya namna hii huwa na picha tatu tofauti za mwananchi mwema, aghalabu bila wenyewe kujua. Yupo mwananchi mwadilifu, yupo mwananchi mshiriki, na yupo mwananchi mtafuta haki. Tuchukue mfano wa mtaa ambao mifereji yake imekauka. Mwadilifu humtekea jirani mgonjwa maji. Mshiriki huwakusanya majirani wakanunua tangi. Mtafuta haki huuliza kwa nini mifereji ya upande wa pili wa barabara haikauki. Jambo kubwa walilolieleza watafiti hawa ni kuwa sifa hizi haziji pamoja kama mkufu. Mpango uliofaulu kuwafunza vijana stadi za kushiriki haukuwafanya lazima waulize asili ya dhuluma, na uliowafunza kuuliza haukuwapa lazima stadi za kuendesha mambo. Kila kimoja hufundishwa kwa makusudi yake.

Na lipo onyo la Ivan Illich. Mwezi wa Aprili 1968, katika mji wa Cuernavaca, aliwaambia vijana wa Kimarekani waliokuja Mexico kusaidia wanavijiji kwamba ingalikuwa heri wangalibaki kwao. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa hii: mtu akishikilia kuwatumikia maskini, basi na aende kwa wale wanaoweza kumwambia waziwazi kuwa hawamtaki, na yeye akaelewa. Nadhani wasomi wa mafunzo haya hawajalitilia jambo hilo uzito unaostahili. Mwenyeji asiyeweza kukukataa kwa lugha unayoielewa hakukutuma. Amekuvumilia tu.

Utumishi wa amri

Afrika Mashariki haikungoja Marekani ili ianze mambo haya. Tuna historia yetu, na sehemu yake kubwa ni ya utumishi ambao aliyewatuma wanafunzi alikuwa serikali.

Mfano ujulikanao zaidi ni wa Dar es Salaam. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo pamoja na mambo mengine lingekata sehemu kubwa ya mshahara wao wa mwanzo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu mia nne. Na siku hiyohiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Hatua hii ya pili husahauliwa na wengi wanaokisimulia kisa hiki. Tunaweza kubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki, lakini kulikuwa na mazungumzo: wanafunzi walisema kwa nini hawataki, na mtawala akajibu kwa hoja na kwa mfuko wake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililomtaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, yalifuata katika mkondo huo.

Kenya ilichukua njia nyingine. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilikuwako tangu mwaka 1964, lakini haikuwa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na kuanzia mwaka 1984 kila kijana aliyechaguliwa kujiunga na chuo kikuu alipaswa kwanza kupitia mafunzo ya Huduma ya Vijana, hasa katika kambi ya Gilgil. Nia ilitajwa kuwa ni kuwafunza nidhamu na uzalendo. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1990.

Tusiudharau mpango wa Gilgil kwa pupa. Waliopitia huko wengi husimulia kwa furaha jinsi walivyolala bweni moja na vijana wa makabila ambayo hawakuwahi kukutana nayo, na jinsi mtoto wa tajiri alivyoshika jembe sawa na mtoto wa mkulima. Hayo si madogo katika nchi kama yetu. Lakini kama stadi za uraia ni kujadiliana, kuhoji na kuafikiana, kambi ambayo lugha yake ni amri ilitoa nafasi finyu ya kuzifunza. Wala haikufaulu katika kile ilichokusudia. Mwezi wa Februari 1985, mpango ukiwa bado mchanga, wanafunzi wa Nairobi walisusia masomo. Tarehe 10 polisi wakauvamia mkutano wao katika uwanja wa chuo, na chuo kikafungwa tena. Mwaka 1987 chama cha wanafunzi, SONU, kilipigwa marufuku. Waliokuwa wakiandamana katika Barabara ya University Way ndio waliokuwa wamefunzwa kupiga saluti Gilgil. Katika kamusi ya kambi hapakuwa na mwananchi. Palikuwa na raia tu.

Jukwaa

Wakati huohuo, na hata kabla yake, palikuwa na utumishi wa aina nyingine ambao hakuna aliyeuita kwa jina hilo. Makerere ilikuwa imeanzisha jukwaa la kusafiri mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikawa na jukwaa lake lisilotoza kiingilio, ambalo mtunzi wa tamthilia John Ruganda alikuwa mhimili wake. Wakati wa likizo wanafunzi walipanda gari na kuzunguka nchini, wakiigiza shuleni na katika kumbi za mijini kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Mwigizaji ana hakimu ambaye mwanafunzi mwingine hana. Hadhira ikichoka, huonekana, ikiudhika, husikika. Mwanafunzi aliyezoea kupewa alama na mhadhiri mmoja hujikuta akipewa alama na watu mia tano ambao hawakusoma vitabu alivyovisoma yeye, na alama hizo hutolewa kwa lugha yao. Sijui darasa la uraia lililo kali kuliko hilo.

Lakini jukwaa la kusafiri lilikuja na kuondoka. Hatua ya mbele zaidi ilipigwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuanzia mwaka 1976, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o wa Idara ya Fasihi na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wa Taasisi ya Uchunguzi wa Maendeleo walishirikiana na wanakijiji katika kituo cha kisomo na utamaduni. Habari za tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 1977 na kunyimwa kibali mwezi uliofuata, zinajulikana. Na kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huohuo. Ninalotaka kulitaja hapa ni jambo lililotokea baadaye. Mapema mwaka 1982, kundi la Kamĩrĩĩthũ lilipozuiliwa kutumia Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, lilihamishia mazoezi yake katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache tu ng'ambo ya barabara, na watu wakafurika kuyatazama. Kwa siku zile chache mwendo uligeuka: si wanafunzi waliokwenda kwa wanakijiji, bali wanakijiji waliokuja chuoni, wakiimba kwa Kigĩkũyũ mahali palipozoea Kiingereza. Kisha mazoezi yakakatazwa nayo, na mwezi wa Machi jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Serikali ilielewa vizuri kabisa kwamba hiyo ilikuwa elimu ya uraia.

Kangemi na Kawangware

Tuje sasa karibu zaidi na wakati wetu. Kutoka kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Kangemi si zaidi ya kilomita kumi. Mwanafunzi hupanda matatu mjini, akapita Chiromo na Westlands, akashuka kandokando ya Waiyaki Way. Kampasi za Upper Kabete na Lower Kabete ziko karibu zaidi. Kawangware inapakana na Lavington. Mipaka ya uchaguzi nayo imewaweka watu hawa pamoja kwa namna ya kustaajabisha: Kangemi iko katika eneobunge moja na Kitisuru na Parklands, na Kawangware iko katika Dagoretti Kaskazini pamoja na Kileleshwa na Kilimani. Mbunge ni mmoja, lakini mazungumzo hayapo.

Katika mitaa hii ya magharibi utumishi wa wanafunzi umezoeleka. Sura yake ya kawaida ni hii: Jumamosi moja kikundi hufika katika kituo cha watoto yatima na sabuni, unga na sukari, watoto huimba, picha hupigwa, hati ya saa zilizofanywa hutiwa sahihi. Sina ugomvi na sabuni. Lakini tukirudi kwa Westheimer na Kahne, huyo ni mwananchi mwadilifu na hapo ndipo mwisho wake. Na tukiuliza ni nani aliyemtuma, jibu ni kwamba ametumwa na fomu.

Pana kazi nyingine ambayo wakazi wenyewe huiomba, na huiomba kwetu sisi wa lugha. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika ibara ya 1 kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, katika ibara ya 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika ibara ya 196 kwamba bunge la kaunti sharti liwashirikishe watu katika shughuli zake. Ukiziunganisha ibara hizo tatu, ungetarajia mkazi wa Gatina akienda kwenye kikao cha bajeti akute karatasi anayoweza kuisoma. Aghalabu hukuta majedwali ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara mbili.

Wanafunzi wa darasa langu la tafsiri walipewa kazi ya kugeuza kurasa chache za majedwali hayo, kisha wakae na wakazi wa mtaa na kuwasomea. Walikuwa wametafsiri kwa uaminifu: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Muuza mboga mmoja aliyekuwa akisikiliza aliuliza, kwa upole kabisa, "Vijana wangu, hayo ya kawaida ndiyo gani? Ni pesa za kujenga au ni pesa za mishahara na mafuta ya magari?" Wakamjibu, "Ni za mishahara, mama." Akasema, "Basi si mseme hivyo." Rasimu ya pili ikasema pesa za kujenga na pesa za kuendesha ofisi. Jioni hiyo wanafunzi walilazimika pia kueleza kwamba sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti ziwe za kujenga, na walipoulizwa kama kaunti yao ilikuwa imefikisha kiasi hicho, ikawabidi warudi wakatafute. Hawakuwa wamewahi kujiuliza, ingawa nao ni wakazi wa kaunti hiyohiyo na wana kura.

Katika kazi hiyo ndogo zimo stadi karibu zote ambazo vitabu vya mafunzo haya huzitaja: kusoma hati ya serikali, kuieleza bila kuipotosha, kusikiliza pingamizi, kukiri kwamba hujui, kujua ni ofisi gani yenye jibu na nani ndani yake wa kuulizwa. Wamejifunza pia tofauti ya mwakilishi wa wadi, chifu, na mzee wa mtaa, jambo ambalo wengi wao walilikariri shuleni na kulisahau.

Kipimo cha viambishi

Stadi huonekana. Mielekeo ni vigumu zaidi kuipima, na hapa napenda kupendekeza kipimo ambacho wanaisimu tunacho mkononi. Wanafunzi huandika shajara za kazi yao. Mhadhiri wa elimu huzisoma akitafuta wanachokisema. Mimi huzisoma nikitazama viambishi.

Mwanzoni mwa kazi kitenzi kinachotawala ni cha mtenda mmoja na watendwa wengi: niliwafundisha, niliwasaidia, tuliwahamasisha. Kiambishi -wa- kimekaa katikati ya kitenzi kama watu waliopangwa foleni. Kirai kinachoambatana nacho ni hawa watu. Katika shajara za wale waliokaa na kazi ya namna niliyoieleza kwa muda wa kutosha, kauli ya kutendana huanza kujipenyeza: tulijadiliana, tulibishana, tukaelewana. Kisha huja kitenzi ambacho mkazi ndiye mtenda wake: waliniuliza, walinikosoa, walinituma. Mmoja aliandika kwamba mzee fulani wa Riruta "alinituma niulize" habari za basari katika ofisi ya eneobunge. Nafsi ya kwanza imekuwa mtendwa. Nililiwekea alama neno hilo, nikalirejelea darasani, kwa kuwa ndilo neno nililokuwa nikilingojea.

Kinyume chake, katika shajara za ziara za sabuni, hata zikiwa ndefu, -wa- hubaki palepale tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mara nyingine mwisho wake ni mbaya kuliko mwanzo, kwani kirai hawa watu hufuatwa na wanapenda kupewa. Kijana aliyekwenda na huruma amerudi na dharau, na alama amepewa.

Sharti niongeze tahadhari. Wanafunzi ni watu werevu. Wakishajua kuwa mhadhiri anapenda kauli ya kutendana, wataimwaga katika kila mstari. Kwa sababu hiyo kipimo hiki ni cha mtafiti, si cha mtoa alama. Wala hakifai kutumiwa peke yake: Kiswahili cha mitaani, na Sheng ambayo wanafunzi huandika wanapojisahau, vina njia zao za kuonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje, ambazo hazitegemei viambishi hivyo. Siye na wao husema mengi zaidi ya sisi na wao.

Somo lililojifunza lenyewe

Msomaji aweza kupinga kwamba stadi hizi hazihitaji mpango wowote wa chuo, na atakuwa na ushahidi mzito. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Mswada wa Fedha. Kabla ya kufika katika barabara za katikati ya jiji, na kabla ya siku ile ya tarehe 25 ambapo waandamanaji waliingia bungeni na vijana wakauawa kwa risasi, baadhi yao walikuwa wameuchukua mswada wenyewe, wakaueleza ibara kwa ibara katika mitandao, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi. Hakuna mhadhiri aliyewapa kazi hiyo, na hakuna saa zilizohesabiwa. Mswada ukaondolewa.

Nalichukulia tukio hilo kuwa jibu kwa wale wanaosema vijana hawana mwelekeo wa kiraia. Silichukulii kuwa hoja ya kufunga mafunzo ya utumishi. Tafsiri za mitandaoni ziliwafikia wenye simu na muda wa kuzisoma; aliyekuwa akiuza mboga Kangemi hadi saa tatu usiku alizipata kwa kusimuliwa, kama alizipata. Tena zilihusu mswada mmoja wa kitaifa uliokwisha kuwasha moto. Bajeti ya wadi haiwashi moto. Huja kila mwaka kimyakimya, na ndiyo inayoamua kama mtaro wa barabara ya kwenda sokoni utazibuliwa.

Shule na vyuo vitakavyoanza au kuendeleza mafunzo haya vitakabiliwa na maswali ya kiutendaji yaliyo magumu kuliko falsafa. La kwanza ni alama. Kama mkazi ndiye aliyetuma, yeye apaswa kusema kama ametumikiwa, na sauti yake iingie katika tathmini. Si kwa fomu ya Kiingereza yenye visanduku vitano, bali kwa kikao ambacho mwanafunzi anakuwapo na anasikia. Jambo hili litawasumbua wasimamizi wa mitihani, na ninaelewa kwa nini. La pili ni idadi. Darasa la watu thelathini laweza kugawanywa katika mitaa ya Kawangware na Riruta bila kuwachosha wenyeji. Shule kumi zikishuka Kangemi katika wiki moja, kila moja na daftari zake, wakazi watafunga milango, na watakuwa na haki.

La tatu ni kalenda. Kwa sheria, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili na hupaswa kuidhinishwa kabla ya mwisho wa Juni. Wiki ambazo karatasi hizo zinahitaji kutafsiriwa na kusomwa barazani ndizo ambazo wanafunzi wengi wako katika mitihani au wamekwisha kwenda likizo. Darasa langu la tafsiri hufundishwa katika muhula wa Septemba, kwa hiyo majedwali tuliyowasomea wakazi yalikuwa ya bajeti iliyokwisha kupitishwa. Nimeomba somo lihamishiwe muhula wa Januari, likianza na waraka wa mkakati wa fedha unaowasilishwa mwishoni mwa Februari. Idara bado inalijadili ombi hilo.